Maduara ya Nyuma ya Skuli

Mwezi uliopita Mwikali alikuja kunitembelea hapa Ukunda. Mwanawe amepata kazi katika hoteli moja ya Diani, naye alikuwa ametoka kwao Mkongani kuja kumwona anavyoishi, lakini akasema hawezi kulala katika chumba cha kijana kilichojaa viatu, na mimi niko hapa hapa nyuma ya Kona ya Musa. Nikamtandikia kitanda cha chumba cha uani. Siku ya pili nilipika wali na samaki wa nazi, akala kimya kama alavyo siku zote, kisha akaisogeza sahani akaniambia kuwa mwalimu mkuu wa skuli yetu ya zamani, kule upande wa Taru, alikuwa amempigia simu. Kumekuja vijana na kamba za kupimia. Wanayapima maduara ya mawe yaliyo nyuma ya skuli, na wanauliza ni nani aliyeyahifadhi hata yakabaki, ilhali kwengine yamekwisha. Wenyeji wamewajibu kuwa ni walimu wawili wa kike wa zamani zile.

"Nimempa nambari yako," Mwikali akasema. "Nimemwambia, aliyepigana ni huyo. Mimi nilikuwa upande wa pili."

Alisema hivyo kama mtu anayetaja kabila lake, bila haya na bila kujitetea. Vijana wale hawajanipigia bado. Lakini tangu siku hiyo mwaka ule umenirudia chumba kwa chumba na chungu kwa chungu, nami nimeona niuandike sasa, wakati sote wawili tuko hai na kila mmoja anaweza kumkosoa mwenzake.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Nafasi ya chuo cha ualimu nilikuwa nimeikosa, na kwa kuwa skuli za bara zilikuwa na shida ya walimu, nilichukuliwa hivyo hivyo bila mafunzo nikapelekwa huko. Nilitoka Msambweni na sanduku moja, mswala, na fungu la ng'onda, samaki wa kukaushwa, lililofungwa kwa makuti. Nia yangu ilikuwa nikae muhula mmoja nipate barua ya kusema nimefundisha, kisha nirudi pwani. Skuli ilikuwa mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka barabara kuu pale Taru: madarasa mawili ya udongo, na darasa la tatu lililokuwa likikaa nje chini ya mgunga mwembamba ambao kivuli chake kilihama kila saa, na watoto wakahama nacho. Hakuna mnazi. Hilo ndilo lililonishtua kuliko yote. Nilikuwa sijapata kufika mahali ambapo mtu hugeuka pande zote nne asione mnazi hata mmoja.

Mwalimu wa darasa la tatu alikuwa Mwikali. Tulipewa chumba kimoja, kuta za udongo zilizopakwa jivu, paa la mabati lililolia kwa joto adhuhuri. Vitanda viwili vya kamba, dirisha moja, na kati yetu sanduku la mbao lililosimamishwa ambalo upande wake lilikuwa na Biblia na upande wangu msahafu na chupa ya mafuta ya nazi. Mwikali alikuwa Mkamba aliyekulia kwenye mashamba waliyogawiwa wahamiaji huko Mkongani, mwenye mikono ya mtu aliyezoea jembe, na hakupenda maneno mengi. Mzozo wetu wa kwanza ulikuwa wa chakula. Mimi niliita sima, yeye akaita ugali. Ng'onda wangu alimfukuza chumbani. Alikula nje akiwa amekaa juu ya ndoo mpaka fungu lilipokwisha. Naye akanipikia muthokoi, mahindi yaliyotwangwa yakatoka maganda, kwa mbaazi, nikala kwa adabu huku nikiwaza tui. Siku za kuchinjwa mbuzi, yeye mwenyewe alikwenda kuuliza ni nani aliyechinja, na kama si Mwislamu hakuleta nyama chumbani kwetu, akala mboga ya mchunga pamoja nami. Sikumwomba afanye hivyo. Sikumshukuru vizuri pia, kwa maana mwezi ule wa kwanza nilikuwa nimezama katika upweke wangu, na kila mtu nilimwona kama sehemu ya kijiji kilichonizuia kurudi nyumbani.

Maduara niliyaona kwa sababu ya upweke huo. Nyuma ya skuli ardhi ilipanda taratibu ikafanya mgongo mrefu wa changarawe, na alasiri nilipanda pale kutafuta upepo, nikijidanganya kuwa siku ya wazi ningeweza kuona bahari. Bahari haikuonekana. Lakini jua lilipoinama, mawe ambayo mchana yalikuwa mawe tu yalianza kutoa vivuli, na vivuli vikajipanga. Nikaona duara. Halafu nikaona jingine, na jingine, madogo, kila moja halizidi upana wa chumba chetu, mawe ya ukubwa wa kichwa cha mtu au zaidi kidogo, yamezama nusu ardhini, yameota ukungu mkavu wa kijivu upande wa kusini. Mengine yalikuwa na pengo upande mmoja, kama mlango. Nilisimama pale pengoni muda mrefu kabla sijathubutu kuingia. Nilipoingia niliketi chini, na jambo la ajabu ni kwamba upweke ulinitoka kidogo. Kulikuwa na mtu aliyefika mahali hapa pakavu kabla yangu, akatazama pande zote nne kama mimi, kisha badala ya kulalamika akaokota mawe akajiwekea pake.

Nilianza kuuliza. Kule silanga, bwawa lile la kuchimbwa tulikochota maji, wanawake waliniambia kila mmoja lake. Mmoja alisema yalikuwa mazizi ya wana-mbuzi ya watu waliopita na mifugo yao kabla ya wao Waduruma kuja. Mwengine akasema ni makaburi, na kwamba mamake alimkataza kuchuma kuni pale. Wa tatu akawacheka wote wawili, akasema ni wawindaji waliokuwa wakikandamiza ngozi za vibanda vyao kwa mawe ili upepo usizichukue. Wanaume kwenye kibanda cha chai walibishana juu ya jambo hilo mpaka wakasahau chai. Hakuna aliyejua, na kila mmoja alisema la kwake kwa uhakika mkubwa. Mimi nilizoea kupewa majibu. Nilipenda kwa mara ya kwanza kitu ambacho hakikuwa na jibu. Nikampeleka Mwikali siku moja ya Jumapili baada ya ibada yao. Aliyatazama, akaligusa jiwe moja kwa kidole cha mguu, akasema ni mawe mazuri, kisha akaniuliza kama nimeona tumbiri walivyokula mahindi ya mwalimu mkuu.

Muhula wa kwanza ulikwisha na sikuondoka. Nilijiambia ni kwa sababu ya darasa langu la pili, ambalo lilikuwa limeanza kusoma. Ilikuwa kweli, lakini haikuwa kweli yote.

Katikati ya mwaka walifika wafadhili, watu wa kanisa moja la mbali, wakatuahidi saruji, mabati na fundi wa kujenga darasa la mawe. Sharti lao lilikuwa wazazi walete mawe, mchanga na maji, na msingi uwe umesimama kabla ya mvua za vuli. Kama hautasimama, vifaa vitakwenda skuli nyengine iliyokuwa ikingoja. Mwenyekiti wa kamati ya wazazi alikuwa Mzee Nyawa, mtu mfupi mchangamfu aliyevaa koti hata joto likiwa kali. Alitangaza habari ile chini ya mgunga na wanawake wakapiga vigelegele. Juma lililofuata, niliporudi kutoka silanga, niliwakuta akina mama wanashuka mgongoni na mawe vichwani. Walikuwa wamemaliza duara la kwanza, lile lililokuwa karibu zaidi na skuli. Mahali lilipokuwa palibaki mashimo madogo yenye udongo mwekundu mbichi, kama ufizi uliong'olewa meno.

Nilimwomba Mzee Nyawa aitishe mkutano. Sikuwa nimepata kusema mbele ya watu wazima maishani mwangu. Nyumbani kwetu msichana huleta kahawa na kutoka. Nilisimama na buibui langu, nikasema mawe yale yalipangwa na watu, kwamba hatujui ni nani, na kwamba tukiyatoa hatutaweza kujua tena. Walinisikiliza kwa heshima. Kisha Mzee Nyawa akauliza, bila ukali wowote, mawe mengine yako wapi, na ni nani atakayeyabeba. Kabla sijajibu, Mwikali akasimama.

"Watoto wangu wanakaa juani," akasema. "Mtoto wa Umazi alianguka juzi kwa joto, mmemwona. Waliopanga mawe haya hawana mtoto kwenye darasa langu. Wangekuwa naye, wangeyaleta wenyewe."

Watu waliitikia kwa vichwa. Mimi pia, ndani yangu, niliitikia, na hilo ndilo lililouma. Mtu anaweza kubishana na mpumbavu akalala vizuri. Mwikali hakuwa mpumbavu, wala hakuwa mwovu. Alikuwa amesema kweli, nami pia nilikuwa nimesema kweli, na kweli hizo mbili hazikuweza kukaa juu ya mgongo mmoja wa ardhi. Mzee Nyawa, kwa busara zake, akasema kazi ya mawe isimame mpaka Jumatatu ya pili, ili mwalimu wa pwani apate nafasi ya kutafuta mawe mengine. Baada ya hapo, akasema, hatutazungumza tena.

Chumbani hatukugombana. Ingekuwa afadhali. Mwikali alipika chungu chake, mimi nikapika changu, na kwa kuwa mafiga yalikuwa ya chungu kimoja tu, mmoja alingoja mwenzake amalize, akitazama ukutani. Nilipika wali ukaungua, kwani siku zote alikuwa yeye ndiye anayeangalia moto. Tulisalimiana asubuhi kwa sauti za watu wa ofisini. Nilimsikia siku moja, kupitia dirisha, akimwambia mke wa mwalimu mkuu kwamba hanichukii, ila hawezi kumwelewa mtu anayehurumia mawe. Mke wa mwalimu mkuu akamjibu kuwa watu wa pwani wako hivyo, wana maneno laini. Mwikali akasema, "Huyu si maneno. Huyu hupanda kule kila siku." Nilibaki nimesimama na sufuria mkononi, sijui nifurahi au nikasirike.

Mawe niliyakumbuka nikiwa safarini kwenda Taru kununua sabuni. Kando ya barabara kuu, mahali ambapo mafundi wa barabara walikuwa wamechimba kilima kupitisha lami, walikuwa wameacha marundo ya mawe yaliyovunjwa. Nilikuwa nimeyapita mara nyingi bila kuyaona. Mlinzi wa kambi yao iliyohamwa aliniambia nichukue yote nikitaka, yeye anachoangalia ni mapipa. Basi mawe yalikuwapo. Kilichobaki ni kuyafikisha skuli, na njia ilikuwa ndefu mno kwa vichwa vya akina mama.

Siku ya mnada wa mifugo nilisimama pale Taru tangu asubuhi, kati ya mavumbi na mbuzi, nikiwaendea madereva wa malori mmoja mmoja. Wengi walidhani naomba kubebwa. Dereva mmoja wa kutoka bara, kijana mcheshi, alinisikiliza mpaka mwisho kisha akatikisa kichwa. "Madam, hapa tunabeba kitu inalia," akasema. "Mawe hailii." Wenzake wakacheka, nami nikacheka pia, maana nilikuwa nimechoka kuona haya. Mwezi mmoja kabla ningekimbia. Siku ile nilikwenda kwenye lori lililofuata.

Lilikuwa la Bi Rukia, mwanamke mnene wa Ukunda aliyenunua mbuzi kwa ajili ya wachinjaji wa huku. Alikuwa amekaa juu ya kigoda kivulini mwa lori lake, anakunywa chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa. Nikamwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni wa Msambweni wewe. Umepotelea wapi huku?"

Nilimwambia yote. Nilimweleza habari za darasa, na mgunga, na mtoto aliyeanguka, na nilipofika kwenye maduara nilisita, nikiogopa atacheka. Hakucheka. Aliniuliza yana ukubwa gani, nikamwonyesha kwa mikono. Akasema lori lake hufika asubuhi na mapema na halipakiwi mbuzi mpaka alasiri, na kutwa nzima dereva hulala chini yake. Lingeweza kwenda na kurudi mara mbili. Sharti lake lilikuwa wazazi wapakie na kupakua wenyewe, na siku hizo mbuzi wake wapelekwe skuli wakanyweshwe silanga na kupumzishwa mpaka lori likawachukue huko, kwani safari ya pwani huwapunguza mwili. Nilimbusu mkono. Akaniambia nisifanye hivyo, nilete wapakiaji kwanza.

Mzee Nyawa alikubali sharti la mbuzi papo hapo. Lakini siku ya mnada uliofuata, tulipofika kwenye marundo asubuhi, waliokuja kupakia walikuwa wachache: mimi, Mzee Nyawa na koti lake, na wazazi wawili wa darasa langu. Wazazi wa darasa la tatu, wale hasa waliohitaji chumba, hawakuwapo. Walikuwa wamekwenda shambani, wakisema mawe ya mgongoni yako karibu, na Jumatatu inakuja. Tulianza. Mikono yangu ilichubuka kabla sakafu ya lori haijafunikwa, na dereva alikuwa ameanza kutazama saa.

Ndipo nikamwona Mwikali anakuja kando ya barabara na sururu begani, na nyuma yake akina mama wa darasa lake, wamejifunga leso viunoni, Umazi mbele yao. Alikuwa amezunguka nyumba kwa nyumba tangu alfajiri kuwatoa mashambani. Hakuniamkia. Alipanda juu ya rundo, akaokota jiwe, akaligeuza, akaligonga kwa sururu.

"Haya ni mazuri kuliko yale ya kule juu," akasema. "Yana kona. Yale ni mviringo, fundi angelaani."

Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu tangu mkutano, ukiacha salamu. Kisha akanivulia kitambaa chake cha kichwa nikazungushie viganja. Tulipakia mpaka lori likazama kwenye magurudumu, na lilipoondoka tulikaa pamoja kando ya njia tukala viazi vitamu alivyokuwa amevichemsha. Vilikuwa vya watu wawili. Niliviona vilivyofungwa na nikajua kuwa alipovichemsha asubuhi ile, alikuwa amenihesabu.

Bi Rukia alileta lori lake kila siku ya mnada mpaka mawe yakatosha. Msingi ulisimama kwa wakati. Lile duara lililokwisha kubomolewa, Mzee Nyawa alitaka lirudishwe, akapanda mgongoni na akina mama kadhaa wakajaribu, lakini hakuna aliyekumbuka jiwe lipi lilikaa wapi, na hata sisi tuliona tunachokifanya ni duara letu, si lao. Tukaliacha. Mawe yake yamo kwenye msingi, pembe ya mashariki, na fundi aliyalaani kama Mwikali alivyosema. Yaliyobaki hayakuguswa tena. Watu walianza kuyazunguka walipokata njia. Hata mbuzi walizungushwa.

Tangu wakati huo nimeyatafuta maduara ya namna ile kila nilikopelekwa kufundisha. Huku pwani sikuyapata. Msambweni tumelima na kujenga na kulima tena. Nilimuuliza Mwikali safari hii kama kwao Mkongani yapo, akafikiri, akasema walipokuwa wakifyeka shamba lao akiwa mdogo palikuwa na mawe yaliyokaa kama mkono uliokunjwa, na mamake aliyachukua kuwa mafiga. Mafiga hayo walipikia miaka mingi. Hakusema kwa majuto, wala mimi sikuona kosa. Nadhani maduara hupatikana pale ambapo hakuna aliyewahi kuhitaji mawe, na pale wachache walipoyahitaji wakayaacha. Pa kwanza ni pengi kuliko pa pili. Nimeishi karibu na pa pili mwaka mmoja, na sina hakika kwamba ningekuwa mwalimu kama nisingeishi pale. Nilikwenda kutafuta barua ya muhula mmoja nikabaki mpaka nikapata nafasi ya chuo, na hata baada ya chuo niliomba nirudishwe upande ule.

Darasa lilifunguliwa bila sherehe, kwa sababu mvua ilikuja siku mbili kabla ya wageni. Tuliiona ikitoka upande wa Kinango, ukuta wa kijivu unaotembea. Darasa langu la udongo lilikuwa limeanza kuvuja tangu mwaka wa kabla yangu, na kwa dakika chache tu maji yalikuwa yakishuka ukutani. Mwikali alikuwa ameingiza watoto wake katika chumba kipya, ambacho hakikuwa na dirisha wala dawati, kikinuka saruji mbichi. Alisimama mlangoni akatupungia mkono. Nikakimbia na darasa la pili zima, watoto wameshikana mikono, tukaingia sote, madarasa mawili ndani ya chumba kimoja, bega kwa bega, tumelowa, tunacheka. Kelele ya mvua juu ya mabati yale mapya ilikuwa kubwa hata mtu hakuweza kusikia sauti yake mwenyewe. Watoto wengine walikuwa hawajapata kuwa chini ya paa la namna ile mvua ikinyesha. Walitazama juu vinywa wazi. Kusomesha hakukuwezekana. Mimi nilikuwa nimesimama upande mmoja wa chumba, Mwikali upande wa pili, na kati yetu vichwa vya watoto. Akanitazama, akasema neno. Niliona midomo yake ikienda, na uso wake ulikuwa na kitu ambacho sikuwa nimekiona mwaka mzima. Nikaonyesha masikio yangu. Akalisema tena. Sikulisikia, nikaitikia kwa kichwa, na macho yangu yakajaa machozi.

Nililiweka neno hilo moyoni maisha yangu yote bila kulijua. Nililifikiria nilipokuwa chuoni, na nilipoolewa, na siku nilipostaafu. Mwezi uliopita, tukiwa tumekaa uani na chai, nilimuuliza hatimaye alikuwa ameniambia nini siku ile ya mvua. Mwikali hakufikiri hata kidogo.

"Nilikuambia uwasogeze watoto wako," akasema. "Walikuwa wananikanyagia chaki."